CCNA: kusoma ni bure, kufanya mtihani ndio kazi

Kijana aliyemaliza informatiki Bunia, Butembo ao Bukavu anayajua maneno ya matangazo ya kazi: diploma, uzoefu wa miaka kadhaa, na mwishoni kabisa, « kuwa na CCNA ni faida ». Maneno hayo ya mwisho yanasukuma wengi kujitayarisha kwa mtihani huo wa Cisco, kampuni ya Marekani inayotengeneza mashini za kuunganisha ordinatere. Tangu Februari 2020 mtihani ni mmoja tu, namba 200-301. Hakuna diploma inayoombwa mbele ya kujiandikisha. Unachukua dakika 120, na bei yake ni dola 300, bila kuhesabu kodi.

Wengi wanaogopa masomo yenyewe, lakini hapo ndipo kijana wa kwetu ana nafasi nzuri. Packet Tracer, programu ya kujifunzia ya Cisco, ni ya bure. Inachora mtandao mzima ndani ya mashini moja: unaweka ruta, unavuta kamba, unakosea, unafuta, na hakuna kitu kinaungua. Wanafunzi watatu wanaweza kuzungushiana ordinatere moja. Tena sehemu inayoangusha watu wengi, kugawanya anwani za IP, haihitaji hata umeme. Inahitaji karatasi na kalamu. Chukua siberi yenye mashini 50. Ukiipa mtandao wa /26, una anwani 64. Toa ya kwanza ambayo ni jina la mtandao, toa ya mwisho ambayo ni ya kuita mashini zote pamoja, zinabaki 62. Zinatosha. Siberi ikifika mashini 100, /26 haitoshi tena, unapanda kwa /25, wenye anwani 126 za kutumia. Anayefanya hesabu kama hizo kila jioni, kwa mwangaza wa telefone ikibidi, anafika kwenye mtihani bila kutetemeka.

Shida ya kwanza ya kweli ni luga. Shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa, lakini CCNA inafanywa kwa Kiingereza ao Kijapani, basi. Na ukishajibu swali ukapita, hauruhusiwi kurudi nyuma. Kijana anaweza kujua jibu, lakini akipoteza dakika tatu juu ya kuelewa sentensi moja, saa inamkimbia. Ndiyo maana kusoma kitabu cha Kifaransa mpaka mwisho, halafu kutafuta Kiingereza wiki ya mtihani, ni kujidanganya. Heri kusoma kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kisha kuelezeana kwa Kiswahili.

Shida ya pili ni franga, na si paka ukubwa wake. Malipo yanapitia kwenye intaneti, kwa karata ya benki. Lakini Goma benki zilifunga mwisho wa Januari 2025, Bukavu zikafuata Februari. Mtu mwenye dola 300 mkononi anaweza kukosa njia ya kuzituma, na kumtegemea ndugu aliye Kampala ao Kinshasa amlipie. Akianguka, anangoja siku 5, halafu analipa tena bei yote.

Inabaki fasi ya kufanyia mtihani. Wamoja wanasafiri: anayetoka Beni anapita Kasindi mpaka Kampala, na tiketi pamoja na malazi vinaongezeka juu ya zile 300. Wengine wanachagua kuufanya nyumbani, mbele ya kamera, na msimamizi anawaangalia kutoka mbali. Hapo lazima uwe peke yako chumbani, meza iwe tupu, intaneti isikatike. Katika parseli zetu, mtoto wa jirani akifungua mlango kuomba chumvi, mtihani unaweza kufungwa. Umeme ukienda bila betri ya akiba, ni vilevile. Na kuna mtego ambao ni wa Wakongo hasa: majina. Jina, postnom na prénom vinapaswa kuandikwa sawasawa na kitambulisho. Anayejiandikisha kwa majina mawili wakati kitambulisho kina matatu anajitafutia mashaka asubuhi ya mtihani.

Kwa wanaouza « maswali ya mtihani » kwenye WhatsApp: Cisco inahesabu hayo kuwa wizi na inaweza kumfutia mtu cheti. Hata kama hawakukamati, siku ya kazi ruta ya mteja haitauliza maswali uliyokariri.

Kwa hiyo haraka ya kulipa haina faida. Anayesoma kupitia Cisco Networking Academy na kupata pointi nzuri anaweza kupewa punguzo la bei. Inafaa kuuliza hilo mbele ya kutoa hata dola moja. Tena cheti kinadumu miaka 3 tu, na siku zinahesabiwa tangu umefaulu, ukiwa na kazi ao bila kazi.