Taya la mtoto likivimba, usihukumu jino haraka

Mtoto akivimba taya, wazazi wengi huwaza jino. Hununuliwa dawa ya maumivu, kisha antibayotiki, na wiki mbili zinapita. Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini ikiwa ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, wiki mbili ni nyingi mno: uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Jina hilo linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika kuhusu watoto hao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari, hospitali hadi hospitali, mashariki na kusini mwa Afrika. Wakaona kuwa ugonjwa umejaa maeneo ya joto na mvua yenye malaria nyingi, na ni nadra kwenye miinuko ya baridi. Mwaka 1964 watafiti wa London wakakuta kirusi cha Epstein-Barr katika seli za uvimbe uliotoka Uganda.

Kirusi hicho kisikutishe. Karibu kila mtoto hukipata kupitia mate, na wengi mno hawaugui saratani. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli za kinga kuzaliana kwa wingi, na hapo kosa linaweza kutokea: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujiunga, mara nyingi, na kromosomu ya 14. Jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, hubaki imewashwa muda wote, kama gari ambalo pedali ya mafuta imekwama.

Kasi hiyo ndiyo hatari, na ndiyo matumaini. Dawa za saratani huua zaidi seli zinazogawanyika haraka, hivyo watoto wengi wanaowahi matibabu kamili hupona.

Ndiyo maana watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford katika mradi wa AI-REAL, wamepima damu kutafuta vinasaba vya uvimbe, ili majibu yatoke mapema. Kwa sasa kipimo cha kawaida bado ni kuchukua kinyama. Mzazi usikikatae, bila hicho daktari hawezi kuchagua dawa sahihi.

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, hivyo ugonjwa huu si rahisi kufikiriwa kwanza. Lakini familia nyingi zimehamia hapa kutoka Kanda ya Ziwa, Kigoma au Pwani. Mweleze daktari mtoto aliishi wapi na ameugua malaria mara ngapi.

Ukiona taya au tumbo linavimba siku hadi siku, meno yanalegea bila sababu, au jicho linatokeza nje, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Iwe uko Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, kama uvimbe unaendelea kukua, omba rufaa. Usimalize kwanza dozi ya pili ya antibayotiki.