Kompyuta ianze, panya baadaye

Wasee, hii imenikaa kichwani. Kujua neva za uti wa mgongo zinaumiaje, watafiti huziangushia kijichuma cha gramu 10 kwenye panya, kutoka kama milimita 25 juu. Amepewa nusukaputi, sawa. Lakini akiamka miguu ya nyuma haibebi, na kibofu lazima akamuliwe kwa mkono. Kila siku!

Kompyuta nayo inaweza kuugawa uti huo vipande vidogo vidogo, ipige hesabu kila kimoja kimebanwa au kuvutwa kiasi gani. Najua mtasema haioni uvimbe unaofuata, na vipimo vyake vilitoka kwa panya haohao. Kweli. Na boda zinavyotuangusha, tiba naitaka pia. Ila panya wa kupima tu chuma kiangushwe kutoka wapi, huyo mwachilieni.