Fedha za Mwenye Kilema na Mkono wa Mdai



Naomba nafasi katika karatasi yetu nitoe rai juu ya jambo la Marekani. Liko mbali, lakini ndani yake karani ndiye mwenye kuufunga mlango au kuuacha wazi, basi latuhusu.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa sahihi na Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, na malipo ya wasioweza kazi kwa ajili ya ulemavu yaliongezwa mwaka 1956. Fungu la 207 lasema kwamba fedha hizo, ziwe zimekwisha kulipwa au bado, hazikamatwi kwa hukumu ya deni. Mwaka 1973 Korti Kuu ya nchi ile ililithibitisha katika shauri la Philpott. Ofisi ya msaada wa maskini ya Essex County, New Jersey, ilitaka kujilipa kutoka dola 1,864.20 za ulemavu zilizowekwa benki. Korti ilikataa, hata ingawa mdai mwenyewe alikuwa ofisi ya serikali.

Illakini sheria njema huweza kulala kitabuni. Kwa miaka mingi amri ya mdai ilipofika benki, karani aliiogopa korti kuliko alivyomhurumia mwenye hesabu, akaifunga hesabu yote. Mwenye kilema ndiye aliyepaswa kwenda kortini kuthibitisha haki yake, na huku kodi ya nyumba yamngoja. Sisi tuliozoea meza twajua ilivyo: karatasi yenye muhuri hutiiwa kwanza, na kuulizwa baadaye, kama huulizwa kabisa.

Tangu tarehe 1 Mei 2011 kanuni ya Hazina yao imeugeuza mzigo huo. Benki ikipokea amri, yapasa ndani ya siku 2 za kazi itazame hesabu ya miezi 2 iliyopita. Ikiona malipo hayo yaliingia moja kwa moja kutoka serikalini, yaacha kiasi chake bila mwenyewe kuomba, maadam salio latosha. Naisifu sana kanuni hii, kwani yamtaka mwenye daftari alisome daftari lake.

Kasoro zake ni hizi. Tuseme mama mmoja hupokea dola 900 kwa mwezi, naye kwa kujinyima ana dola 2,500 benki. Benki humwachia 1,800. Zile 700 hufungwa, ingawa nazo ni za ulemavu, mpaka aende kortini. Yaani asiyeweka akiba hapati taabu, na mwenye kuweka aadhibiwa! Katika shule tulizosoma tulifundishwa kinyume chake.

Tena serikali yenyewe imejitengea njia. Matunzo ya watoto hukatwa, na hilo silipingi. Lakini kwa mkopo wa serikali kuu wa masomo waweza kukatwa hadi asilimia 15 ya malipo, ila dola 750 za mwezi haziguswi. Na kiasi hicho kiliwekwa mwaka 1996! Ni malipo ya SSI tu, ya walio maskini kabisa, yaliyosalimika na makato hayo yote.

Najua mkopeshaji atasema kwamba deni ni deni. Ni kweli, wala sisemi lifutwe. Lakini kinga hii ya kutokamatwa imo katika sheria ile tangu mwaka 1935. Aliyekopesha baada ya hapo alikopesha akiwa na sheria mbele ya macho yake.

Wako wenye lugha hii yetu, hasa waliotoka Kongo, wanaoishi kule, na baadhi yao hutegemea malipo hayo. Ndugu yako akiwa mmoja wao, mwandikie hivi: malipo yaingie moja kwa moja katika hesabu yake, asiyachanganye na fedha nyingine, wala asiyahamishe kwenda hesabu ya pili, maana huko karani hataiona alama ya serikali. Na barua ya benki ikija, aifungue siku ile ile.

Mimi,
Karani Mwanachama