Pinga: mto Mweso usiwe kisingizio

Wakaaji wa Pinga, nanyi ndugu zetu mliohamia hapa, tuseme ukweli. Mto Mweso unatugawa: upande mmoja Walikale, upande mwingine Masisi. Lakini mama anayetafuta maji safi haulizi yuko teritwari gani.

Tumezoea kungojea mashirika ya kiutu kwa kila kitu. Tunayashukuru, ila yanakuja na kuondoka. Utawala wa hapa ndio unaobaki.

Sheria ya Oktoba 2008 inasema wazi: sekta na sheferi zina bajeti yao. Grupma haina. Kwa hiyo tusimalizie hasira juu ya shefu wa grupma. Tupeleke maswali kunakohusika.

Na kuna pesa za madini. Tangu 2018, kanuni ya madini inatenga asilimia 15 ya redevansi, ile pesa kampuni inalipa juu ya madini, kwa sekta au sheferi yanakochimbwa. Kasiterite ya Bisie inachimbwa katika sekta ya Wanianga, na Pinga ya upande wa Walikale ni ya sekta hiyo hiyo. Basi tuonyeshwe: zimeingia ngapi, zimejenga nini, na Pinga imepata nini?

Mtatujibu kuna vita. Ndiyo, vita vipo. Lakini vita havizuii kubandika hesabu ukutani.

Wahamaji nao waitwe kwenye mikutano ya kupanga kazi. Sokoni wanatozwa ushuru kama sisi. Salongo tutafanya, majembe tunayo. Lakini jembe la raia si bajeti ya serikali.