Mvua ya Kyavinyonge haipimwi Kinshasa



Msimu A unafika. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Agosti, munatuuliza ulizo lile lile: "Tupande sasa ao tungoje?" Na kila mwaka sisi wanaagronomu tunajibu kwa kuangalia kalenda ukutani. Tuseme wazi: msimu A uliopita kalenda ilitudanganya, na sisi tukawadanganya ninyi. Mvua mbili za kwanza zilinyesha, tukasema "pandeni maharagi". Kisha jua likawaka zaidi ya majuma mawili. Mama mmoja alituletea mbegu zilizokauka kiganjani, akauliza: "Na hii nitawapa watoto?" Hatukuwa na jibu.

Wengine wanasema kosa ni la Kinshasa. Kama METTELSAT, ofisi ya taifa ya hali ya hewa, ingetuambia mapema, tungejua. Kuna ukweli hapo, lakini ni nusu tu. Nchi yetu iko na kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3. Mwezi wa 10, Lubumbashi wangali wanangoja mvua yao, sisi tunapalilia, na kule Uele wanahesabu majuma kabla ya kiangazi. Toka Kinshasa mpaka Beni, kwa njia ya ndege, ni zaidi ya kilomita 1,500. Tangazo moja la "mvua kubwa mashariki" litamsaidia nani?

Hata hapa kwetu mvua si moja. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Kyavinyonge iko chini kandokando ya Ziwa Edward, kwenye mita 900 na kitu. Wingu linaweza kumwaga yote milimani, na bondeni vumbi likabaki vumbi. Satelaiti inatuma picha kila robo saa, lakini inaona wingu kutoka juu. Maji yaliyoingia katika udongo wa shamba lako haiyaoni. Lazima mtu apime chini, na vituo vingi vilivyokuwa vinapima kabla ya 1960 vimenyamaza.

Tena si mbegu tu. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliteremsha maji na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miezi michache mbele ya hapo, Desemba 2022, Kinshasa yenyewe, ambako ofisi iko, ilipoteza watu zaidi ya 100 juu ya mvua. Basi kukaa karibu na ofisi hakutoshi. Kinachokosekana ni njia kati ya yule anayejua na yule anayepaswa kukimbia.

Wavuvi wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Kwenye Ziwa Victoria, wataalamu wameonyesha kwamba dhoruba kubwa huzaliwa hasa usiku, wakati pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji yenye joto. Ndiyo saa mtu yuko na nyavu katikati ya ziwa. Kule, Kenya, Uganda na Tanzania zimeanza kuwapa wavuvi utabiri wao wa pekee. Ziwa Edward nalo tunaligawana na Uganda, lakini kwetu wengi bado wanaondoka na pirogi kwa kuangalia wingu na kumwachia Mungu.

Sisi tunaona koperative isingoje Kinshasa ijifunze kila kilima. Ianze na hii.

Kwanza, kipimo cha mvua. Mvua ya milimita 1 ni litre 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Kiwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na mukisome kila asubuhi saa ile ile. Juu ya usalama, kisiwe shambani mbali. Kikae karibu na nyumba ya memba mnayemwamini. Namba iandikwe katika daftari, hata siku ya sifuri.

Pili, tusipande juu ya mvua moja. Kanuni wanaagronomu wengi wanayotumia ni milimita 20 ao zaidi ndani ya siku 3. Na bado, tusitie mbegu yote siku moja. Utabiri wa msimu si ahadi. Ukisema nafasi ya mvua nyingi ni nusu, nusu ingine iko pia. Gawanyeni mbegu mara mbili, ili jua likirudi mubaki na kitu.

Tatu, onyo liseme wapi, saa ngapi, na tufanye nini, na lisemwe kwa Kinande na kwa Kiswahili. Kila koperative ichague mtu wa kupokea habari kwa simu na redio, kisha aipeleke sokoni, kanisani, na ufukweni mbele ya pirogi kutoka.

Wazee watasema: sisi tunasoma mbingu tangu zamani. Ni kweli, tusiwadharau. Andikeni alama ya mzee katika daftari lile lile, kando ya milimita. Baada ya misimu michache tutaona ni alama gani ingali inasema kweli.

Na sisi wa mashirika, tuache tabia yetu. Tunaleta kifaa, tunapiga picha, mradi unaisha, na namba zinaenda katika ripoti ambayo mkulima hataiona kamwe. Mtu akipima kila asubuhi na asirudishiwe kitu, ataacha, na atakuwa na haki.

Tunaomba koperative zianze daftari tarehe 1 Septemba. Tutakuja kulisoma pamoja nanyi kila mwisho wa mwezi, na tutaleta la kwetu pia, lenye mashauri tuliyowapa na matokeo yake. Mutusahihishe mbele ya wote. Yule mama bado anatudai jibu.