Redio ya upepo garini ianze na waya
Anayefunga redio ya upepo kwenye gari lake binafsi, hasa kwa safari za porini ambako simu haishiki mtandao, aanze na waya kabla ya redio yenyewe. Redio ya wati 50 hula zaidi ya ampea 10 unapozungumza, na tundu la kuwashia sigara halikutengenezwa kwa mzigo huo wa mara kwa mara. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka pale unapopenya kwenye bodi, gari linaweza kuungua. Antena iwekwe katikati ya paa, maana bati lote huisaidia kurusha mawimbi pande zote; kwa VHF ya megahezi 150, fimbo ya nusu mita yatosha. Kinachoniumiza ni redio zinazofungwa mbele ya mfuko wa hewa wa abiria: siku ya ajali, chombo hicho kitarushwa usoni mwa mtu. Na kwa Tanzania, kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kipatikane kabla fundi hajashika bisibisi.