Mwanasaikolojia na Lugha ya Mgonjwa

Aghalabu mwanasaikolojia wa tiba husifiwa kwa shahada zake. Ni nadra kuulizwa iwapo maskini aliyeketi mbele yake alielewa alichoulizwa. Hili si jambo dogo, kwani katika tiba ya nafsi maneno ndiyo dawa yenyewe.

Zimbabwe imelitambua hilo mapema. Mwaka wa 2005, mgonjwa mmoja wa Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alijitoa uhai. Jamaa zake walikuwa wamekosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka uliofuata, Chibanda aliwafunza nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wenye dhiki wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi hilo lilitajwa kuwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nyanya wenyewe ndio walioshauri liitwe Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Tena hawakumsaka mwenye sonona, bali waliuliza habari za kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. (Mwanafunzi wa mofolojia ya Kibantu ataihisi -isha ya Kiswahili katika mwisho wa neno hilo.)

Je, yalikuwa maneno matupu? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwahusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na nyanya walikuwa asilimia 13.7, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 49.9. Wapo watakaodai kwamba ajuza hawezi kushika nafasi ya mtaalamu. Waama hakuishika: alisimamiwa, na aliyezidiwa alipelekwa kwa wahudumu wa afya.

Kenya nayo haijalala. Sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ilipitishwa mwaka wa 2014, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hata hivyo, mwanasaikolojia hufunzwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa Kibera au Lodwar. Huko atatafsiri vipi? Akisema huzuni, ataambiwa kila mtu ana huzuni. Akisema sonona, atakodolewa macho. Ilhali mgonjwa ana maneno yake: moyo mzito, mawazo mengi, kukosa raha. Mtaalamu asiyeyajua humwandika kuwa mzima, na mgonjwa hurudi nyumbani na mzigo wake.

Idara za Kiswahili haziwezi kuwaachia madaktari kazi hii peke yao. Wanafunzi wa isimu huenda nyanjani kila mwaka kukusanya methali na vitendawili. Hakuna kinachowazuia kukusanya pia maneno ambayo wavuvi, wafugaji na wakazi wa mitaa ya mabanda hutumia kutaja dhiki za moyo, na kuyafikisha katika idara za saikolojia kabla ya istilahi nyingine kubuniwa ofisini.